TOT au ritani ya mwaka? Ulinganisho kwa mwenye biashara ndogo kabla hajaingia iTax

Swali ninaloletewa sana na wenye maduka hapa Mombasa ni hili: "Nitaingiaje iTax nijaze ritani mwenyewe?" Kuingia iTax, tovuti ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), si kazi. Unaandika PIN, yaani nambari yako ya mlipa ushuru, unaandika nenosiri, unajibu kihesabu kidogo cha kujumlisha au kutoa ambacho mfumo hukuuliza mlangoni, na uko ndani. Kazi iko kwenye jambo lililoamuliwa kabla ya hapo, mara nyingi na mtu mwingine: biashara yako imesajiliwa ilipe ushuru kwa njia gani. Mfumo haukuulizi kama njia hiyo inakufaa. Unapokea ulichoandika, unapiga hesabu, unakupa nambari ya malipo. Ukiwa umewekwa pasipokufaa, kila kitu kitakwenda bila hitilafu hata moja, na utakuwa unalipa zaidi ya haki yako mwezi baada ya mwezi.

Kwa hiyo ulinganisho wangu unaanzia huko, kati ya TOT (turnover tax, ushuru wa mauzo) na ushuru wa kawaida wa mapato, ule wa ritani ya mwaka. Kisha nitagusa njia za kutoa risiti za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na mwisho nani aachiwe kugusa akaunti yako. Ninamlenga mfanyabiashara wa peke yake, mwenye PIN inayoanza na herufi A, asiye na mshahara wala mapato mengine, anayeuza chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, yakifika milioni 5 unalazimika kujisajili kwa VAT, na hapo hesabu inabadilika kabisa.

Njia mbili

TOT ni asilimia 3 ya mauzo. Si ya faida. Ni kila shilingi iliyoingia kwenye droo na kwenye till ya M-Pesa, kabla hujatoa bei ya mzigo, kodi ya chumba, umeme, wala mshahara wa kijana anayekusaidia dukani. Ilirudishwa Januari 2020, ikashushwa hadi asilimia 1 wakati wa korona, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha tena hadi asilimia 3 kuanzia Julai 1 mwaka huo. Inawahusu wanaouza zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Kodi ya nyumba za kupangisha haimo, na malipo ya kitaalamu, ya usimamizi na ya kufundisha hayamo pia. Inajazwa na kulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukishalipa, ushuru wa mapato ya biashara hiyo umekwisha.

Ushuru wa kawaida unatozwa kwenye faida. Shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, halafu asilimia 30 mpaka ufike milioni 6. Kila mkazi ana nafuu ya 28,800 kwa mwaka, inayopunguzwa kwenye ushuru wenyewe, nayo inafuta kabisa ushuru wa zile 288,000 za kwanza. Ritani ni moja kwa mwaka, na mwisho wake ni Juni 30.

Anayeuza milioni 1 au chini ya hapo hana cha kuchagua hapa. TOT haimhusu, yeye ni wa ritani ya mwaka, na faida yake ikiwa chini ya 288,000 hatadaiwa ushuru wowote. Lakini ritani lazima aijaze.

Hesabu yenyewe

Chukua duka la unga, sukari na mafuta ya kupikia pale karibu na Kongowea. Linauza milioni 4 kwa mwaka. Biashara hii faida yake ni nyembamba, na mwenye duka akitoa gharama zote anabaki na asilimia 8, yaani 320,000. Akiwa kwenye TOT analipa 120,000. Akiwa kwenye ushuru wa kawaida, 288,000 za kwanza zinafutwa na ile nafuu, 32,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 25, na ushuru wake ni 8,000.

Isome tena hiyo tofauti. Mia na ishirini elfu upande mmoja, elfu nane upande wa pili, duka lile lile, mwaka ule ule. Ni karo ya mtoto. Na wapo wengi wa namna hii ndani ya TOT, kwa sababu siku ya kusajili PIN kuna aliyewaambia TOT ndiyo "ya biashara ndogo".

Sasa mchukue fundi cherehani anayeshona sare za shule na nguo za harusi. Anauza milioni 2. Vitambaa, uzi, kodi ya chumba na umeme vinakula 900,000, anabaki na milioni 1.1. Kwa TOT analipa 60,000. Kwa ushuru wa kawaida: 25,000 kwenye daraja la pili, kisha asilimia 30 ya 712,000, ambayo ni 213,600. Jumla 238,600. Huyu TOT inamfaa kupita kiasi, na anayemshauri aiache anamtia hasarani.

Nimezungusha hesabu hii kwa viwango vya sasa mpaka nikapata njia fupi ambayo yeyote mwenye kikokotoo kwenye simu anaweza kuifuata. Chukua sehemu ya kumi ya mauzo yako ya mwaka, ongeza 305,000. Jibu ndiyo faida ambayo njia zote mbili zinakutoza sawasawa. Ukiuza milioni 2, mpaka uko kwenye 505,000. Ukiuza milioni 3, uko kwenye 605,000. Milioni 4, 705,000. Faida yako halisi ikiwa chini ya mpaka huo, ushuru wa kawaida ni nafuu kwako. Ikiwa juu, TOT ni nafuu. Ukiwa na mshahara mahali pengine hesabu hii haifanyi kazi, kwa sababu mshahara umekwisha kula yale madaraja ya chini na ile nafuu yako.

Utaona kwamba kadiri faida inavyokuwa nyembamba kwa kila shilingi ya mauzo, ndivyo TOT inavyouma. Wauza nafaka, wauza vocha, maduka ya jumla, wauza gesi: fanyeni hesabu hii kwanza. Ususi, ushonaji, kuosha magari, kukarabati simu, ambako unauza mikono yako kuliko unavyouza bidhaa: hapo mara nyingi TOT hushinda. Na mwaka wa hasara, TOT haikujui umepata hasara. Inataka asilimia 3 yake. Ritani ya mwaka inaiandika hasara hiyo na kukuruhusu kuibeba mbele.

Risiti ndizo zinazoamua

Ungeniacha hapo ungesema duka la unga lihame TOT leo. Ngoja kwanza. Hesabu ile ya 8,000 inasimama kwa sharti moja: gharama za mwenye duka ziwe na risiti za eTIMS.

eTIMS ilianza Februari 2023. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida yako, isipokuwa vitu vilivyotajwa katika kanuni, kama mishahara, riba na mizigo iliyoingizwa kutoka nje kupitia forodha. Na KRA ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2026 ritani zinalinganishwa na kumbukumbu za eTIMS, za ushuru uliokatwa na wateja wako na za forodha. Zamani uliandika gharama kwenye ritani ukasubiri kuulizwa. Sasa mfumo tayari unajua ni gharama zipi zimesajiliwa kwa PIN yako.

Turudi kwa duka la unga. Tuseme katika manunuzi yake ya mwaka, mzigo wa milioni 1 ulinunuliwa kwa wauzaji ambao hawakumpa risiti ya eTIMS, au waliompa bila kuandika PIN yake. Pesa ilitoka kweli, lakini kwa macho ya ushuru haikutoka. Faida yake inasomeka 1,320,000. Ushuru: 25,000, ongeza asilimia 30 ya 932,000. Jumla 304,600. Alichobaki nacho mfukoni mwaka mzima ni 320,000.

Hiyo ndiyo hatari ya kuhamia ushuru wa kawaida bila kujiandaa, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema TOT ni mbaya kwa kila muuza bidhaa. TOT haiulizi gharama zako. Mwenye duka anayenunua nusu ya mzigo wake kwa mdomo, bila karatasi, ana sababu nzuri ya kubaki huko mpaka atengeneze manunuzi yake.

Kutengeneza kwenyewe kunaanzia kwa muuzaji wa jumla. Mtajie PIN yako kabla hajatoa risiti. Risiti ya eTIMS ambayo sehemu ya mnunuzi iko wazi ni ushahidi kwamba yeye ameuza, haisemi kwamba wewe umenunua. Ukifika dukani kwake andika PIN kwenye kikaratasi umpe, maana kwa kutamka herufi hupotea njiani. Kisha soma risiti kabla ya kuondoka: PIN yako, tarehe, kiasi, na ule mchoro wa QR chini. Elekeza kamera ya simu kwenye mchoro huo, nayo itakupeleka kwenye ukurasa wa KRA unaoonyesha ankara yenyewe. Isipofunguka, mwambie muuzaji mkiwa bado mnatazamana.

Kwa wenye vibanda vya chakula na wanaonunua kwa wakulima kuna njia ya kando. Sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 inamruhusu mnunuzi kuandaa ankara mwenyewe pale muuzaji ni mkulima mdogo au biashara ndogo isiyozidi mauzo ya milioni 5. Kwa hiyo maziwa, mayai na sukuma wiki unazoletewa mlangoni na mtu asiye na eTIMS si lazima zipotee katika gharama zako. Muuzaji huyo itabidi ashirikishwe na ajue unachofanya. Mueleze taratibu, kwa sababu wengi wakisikia KRA wanaogopa, na hofu hiyo haitokani na ujinga.

Kazi yenyewe ndani ya iTax

TOT ni nyepesi kuijaza. Unaandika mauzo ya mwezi, mfumo unatoa asilimia 3, unawasilisha. Inawezekana hata kwa simu, kupitia programu ya KRA M-Service. Uzito wake ni kwamba inarudi mara 12 kwa mwaka, hata mwezi ambao duka lilifungwa kwa sababu ya msiba au Ramadhani. Mwezi usio na mauzo unajazwa sifuri, haurukwi. Kuchelewa kujaza ni faini ya shilingi 1,000 kwa kila mwezi. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru wenyewe, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu yake.

Ritani ya mwaka ya mwenye biashara ni kitu kingine. Inakuja kama faili la Excel ambalo unalipakua, unalijaza nje ya mtandao, kisha unalirudisha. Simu haitoshi. Unahitaji kompyuta yenye Excel, na macro za faili, zile amri ndogo zilizo ndani yake, ziwe zimeruhusiwa, la sivyo vitufe vyake havifanyi kitu. Ndani yake kuna karatasi ya mapato na matumizi, na kuna mizania: mali za biashara upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili. Pande hizo zisipolingana faili linakataa kuhakikiwa na linakuandikia orodha ya makosa. Zikilingana, kitufe cha kuhakiki kinatengeneza faili la zip, na hilo ndilo unalolipandisha iTax. Anayetunza daftari la kila siku anaweza kuifanya kwa utulivu. Asiye na daftari hatakwamishwa na iTax, atakwamishwa na mwaka mzima ambao haukuandikwa.

Usidhani pia kwamba ritani ya mwaka maana yake ni kulipa mara moja kwa mwaka. Ushuru wako wa mwaka ukizidi 40,000, sheria inataka uulipe kwa awamu nne ndani ya mwaka huo huo: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Kilichobaki kinalipwa kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata, ingawa ritani yenyewe ina mpaka wa Juni 30. Wengi huijua Juni 30 tu, kisha wanashangaa riba imetoka wapi. Faini ya kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kiasi kilicho kikubwa zaidi.

Kwa njia zote mbili, kujaza na kulipa ni vitu viwili. Ukiwasilisha ritani unapewa risiti ya kupokelewa, ihifadhi. Kisha unatengeneza nambari ya malipo, ile PRN, na unalipa kwa Paybill 222222 ukiandika PRN hiyo kama nambari ya akaunti. Aliyejaza bila kulipa anadaiwa ushuru. Aliyelipa bila kujaza anadaiwa ritani, na faini yake, huku pesa zake zikiwa tayari serikalini.

Risiti za eTIMS: njia ipi kwa nani

Kutoa risiti za eTIMS kunakuhusu hata ukiwa kwenye TOT, na hata kama hujasajiliwa VAT. Hapa uchaguzi ni mwepesi kidogo, na sitauchelewesha.

eTIMS Lite imetengenezwa kwa wasiosajiliwa VAT. Inapatikana kwa *222# kwenye simu yoyote, hata ile ya vitufe, kwa programu ya simu, na kwa tovuti kupitia eCitizen. Unaandika ulichouza na bei, risiti inatoka. Mama mboga, fundi, mwenye bodaboda ya kubeba mizigo, mtu wa risiti chache kwa siku: chukua hii. *222# haihitaji bando, na mahali pasipo na mtandao mzuri hilo ni jambo kubwa.

Programu ya eTIMS ya kusakinisha kwenye kompyuta ya Windows au simu ya Android inamfaa mwenye bidhaa nyingi na foleni. Unasajili bidhaa moja moja, kila moja na msimbo wa aina yake na kiwango chake cha ushuru, halafu kuuza kunakuwa kugusa jina na idadi. Siku za mwanzo ni ngumu. Kusajili rafu nzima ya duka kunachosha, na ukikosea kiwango cha ushuru cha bidhaa, kosa linajirudia kwenye kila risiti. Lakini baada ya hapo inakupa kitu ambacho Lite haikupi vizuri: kumbukumbu ya bidhaa zilizoingia na zilizotoka. Kwa duka la unga linalotaka kuhamia ushuru wa kawaida ningeichagua hii bila kusita, kwa sababu kumbukumbu hiyo ndiyo nusu ya ritani ya mwaka.

Ile ya kwenye tovuti, bila kusakinisha chochote, ni ya wanaouza huduma. Anayeandika ankara kumi na tano kwa mwezi kwa hoteli na ofisi atatulia hapo. Kuunganisha eTIMS na mfumo wako wa mauzo, ule unaotumiwa na supamaketi, kunahitaji fundi wa kompyuta na gharama zake. Biashara ya milioni 4 haina haja nayo.

Jambo moja linalowahusu wote: ankara ya eTIMS ikishatoka haifutwi. Mteja akirudisha bidhaa au ukikosea kiasi, unatoa hati ya kurekebisha inayoitaja ankara ile ya kwanza. Ukiiacha tu na kuandika nyingine mpya, mauzo yako yamehesabiwa mara mbili, na asilimia 3 yako pia.

Kabla ya yote hayo angalia nambari yako ya simu kwenye iTax. Usajili wa eTIMS hutuma nambari ya siri ya mara moja kwa laini iliyoandikwa kwenye PIN yako. Kama ulisajili PIN kwa laini iliyopotea, utakwama hapo hapo. Rekebisha simu na barua pepe kwanza, na ukishindwa mtandaoni, nenda na kitambulisho chako Huduma Centre.

Nani abofye

Saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti mtaani, ni jirani, ni haraka, na kwa ritani rahisi bei yake inavumilika. Wengi wa vijana wanaofanya kazi huko wanaijua iTax kuliko wenye biashara wote wa mtaa. Silidharau hilo hata kidogo. Tatizo ni kile unachowaachia. Ili akujazie, kijana anahitaji nenosiri lako, na mara nyingi PIN yenyewe ilifunguliwa kwa barua pepe aliyoitengeneza yeye. Taarifa za faini, maonyo, nambari za kubadilisha nenosiri, vyote vinaenda kwenye sanduku ambalo hulifungui. Saiba ikihama, umehamishwa nayo.

Wakala wa ushuru aliyesajiliwa na KRA anagharimu zaidi, lakini njia yake ya kuingia ni tofauti. Unamteua ndani ya iTax, yeye anatumia akaunti yake mwenyewe kukujazia, na ukiachana naye unaondoa uteuzi huo. Nenosiri lako halijatoka mkononi mwako. Kwa aliye kwenye ushuru wa kawaida na mwenye mizania ya kujaza, hii ndiyo pesa ya ushauri ninayoiona ina thamani.

Kujaza mwenyewe ni bure, na kwa TOT sioni sababu ya kumlipa mtu kila mwezi kwa hesabu ya mstari mmoja. Kaa na kijana wa saiba au mwanao mara moja, mjaze pamoja mkono wako ukiwa ndio unaobofya, na mwezi ujao fanya peke yako mapema, kama tarehe 10, usisubiri ya 20. Popote utakapoamua, barua pepe iwe yako, laini iwe yako, na malipo yaende 222222 kutoka kwenye simu yako. Usimpe mtu pesa taslimu "akulipie".

Ukitaka kuhama

Sheria inamruhusu anayestahili TOT kuchagua kutokuwa chini yake, kwa kumwandikia Kamishna barua. Usiache tu kujaza TOT ukaanza kujaza ritani ya mwaka. Kila wajibu, yaani kila aina ya ushuru uliyosajiliwa, ulio hai kwenye PIN yako unadai ritani zake, na wajibu wa TOT usiofungwa utaendelea kukusanya faini ya shilingi 1,000 kila mwezi hata kama umelipa ushuru wako wote kwa njia nyingine. Fungua maelezo ya PIN yako ndani ya iTax, soma orodha ya wajibu uliosajiliwa, na ulinganishe na unachokijaza. Kuna watu wamebeba wajibu wa VAT waliobofyewa siku ya kusajili PIN na hawajawahi kuujua. Faini ya ritani ya VAT iliyochelewa ni 10,000 au asilimia 5 ya ushuru, kikubwa kati ya hivyo viwili, kwa kila mwezi uliorukwa.

Jaza kwanza ritani zote za nyuma za wajibu unaoondoka, hata za sifuri. Andika barua, ihifadhi nakala pamoja na uthibitisho wa kupokelewa, na endelea kujaza TOT mpaka uone kwenye iTax kwamba umeondolewa. Wakati mzuri wa kuhama ni mwanzoni mwa Januari, ili mwaka wako wa hesabu uwe mmoja na usigawanyike. Hiyo inamaanisha miezi iliyobaki kabla ya hapo ni ya kuwafundisha wauzaji wako wa jumla kuandika PIN yako, na kuhesabu kila mwisho wa mwezi ni manunuzi ya kiasi gani yana risiti ya eTIMS na ni ya kiasi gani hayana. Desemba ikifika na sehemu isiyo na risiti bado ni kubwa, rudia ile hesabu ya 304,600 kwa takwimu zako mwenyewe kabla ya kutuma barua. Na vyovyote utakavyochagua, risiti na madaftari yaweke kwa miaka 5. Muda huo ni wa kisheria kwa wote.

Viwango hivi hubadilika. Kila mwaka kuna mswada wa fedha, na mabadiliko mengi huanza Julai 1. Wiki ya kwanza ya Julai angalia mambo matatu: asilimia ya TOT, mipaka ya mauzo yake, na madaraja ya ushuru wa mapato. Kimoja kikiwa kimeguswa, ile 305,000 yangu si sahihi tena, na itabidi uipige hesabu upya kutoka mwanzo.